Mazoea Yana Taabu: Mbwa, Paka na Ratiba Mpya za Thika na Ruiru

Saa kumi na moja alfajiri, jogoo akiwa bado hajamaliza kuwika, malango ya mitaa ya Ruiru huanza kulia. Baba hutoka mbio kuwahi matatu ya Nairobi. Mama hufuata. Watoto huchukuliwa na basi la shule wakiwa nusu usingizini. Ifikapo saa moja boma zima limenyamaza kimya. Anayebaki ni mbwa kibandani na paka dirishani, na hakuna aliyewaeleza kilichojiri. Usiku familia inaporejea imechoka hoi, yanayosikika aghalabu ni malalamiko: mbwa ametafuna viatu, mbwa amebweka mchana kutwa, paka amechafua zulia. Adhabu hutolewa papo hapo. Hata hivyo, swali la msingi huwa halijaulizwa: ni nani aliyebadilika kwanza, mnyama au mwenye mnyama?

Ili kulijibu swali hili, yafaa hali ya eneo lenyewe itazamwe. Kwa miaka mingi Ruiru ilijulikana kwa mashamba ya kahawa na mkonge, nayo Thika kwa viwanda na mananasi. Upanuzi wa barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ulianza mwaka wa 2009, na barabara hiyo ikafunguliwa rasmi mnamo Novemba 2012. Mashamba yakakatwa vipande, nyumba zikaota kama uyoga. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu takriban watu 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu takriban 490,000. Wengi wa wakazi hawa hulala Ruiru au Thika lakini hutafuta riziki Nairobi. Boma la zamani lilikuwa na watu mchana kutwa: nyanya jikoni, vibarua shambani, watoto uani. Mbwa hakukosa wa kumfuata. Boma la sasa ni ua wa saruji wenye kufuli.

Fauka ya hayo, ratiba ya boma hili haitulii. Mfanyakazi wa kiwandani Thika huingia zamu ya mchana wiki hii na ya usiku wiki ijayo. Muhula unapoanza, kijana aliyekuwa akimlisha mbwa hubeba sanduku lake na kwenda bwenini. Familia inayopanga huhama. Mtoto mchanga huzaliwa. Mfano mkubwa zaidi ulishuhudiwa wakati wa janga la korona. Shule zilifungwa mnamo Machi 2020. Wanafunzi wa madarasa machache wakarejea Oktoba, na waliosalia wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Kwa miezi hiyo yote, mbwa na paka walizoea nyumba iliyojaa sauti na mikono ya kuwapapasa. Wapo watoto wa mbwa waliozaliwa na kukua katika kipindi hicho bila kuonja upweke hata siku moja. Kisha, asubuhi moja ya Januari, kila mtu akatoweka.

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu, na kauli hiyo haiwahusu binadamu peke yao. Mnyama hana saa ya ukutani, lakini ana saa ya mwili inayofuata mwanga na giza, na ana kumbukumbu ya ishara. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa ishara tu iliyozoea kutangulia chakula, hata kabla chakula chenyewe hakijaonekana. Ndivyo ilivyo majumbani. Mlio wa funguo, harufu ya kiatu kilichopakwa rangi na sauti ya lango ni lugha kamili kwa mbwa. Funguo zilizokuwa zikitangulia matembezi zinapoanza kutangulia saa kumi na nne za upweke, ishara ya furaha hugeuka kuwa ishara ya hofu. Hofu hiyo ndiyo humfanya abweke bila kukoma, achimbe chini ya ua, atafune mlango, akojoe ndani au akatae kula. Huo si ukaidi. Kumchapa saa mbili usiku kwa kosa la saa nne asubuhi hakumfunzi lolote, kwa maana hawezi kuliunganisha kosa na fimbo. Anachojifunza ni kumwogopa anayeingia.

Yamkini patakuwa na wapinzani. Watasema kwamba mbwa wa Kiafrika ni mlinzi, si mwanasesere. Kwamba huruma ya namna hii ni anasa ya matajiri. Kwamba mzazi anayehangaikia karo hana nafasi ya kuhangaikia hisia za paka. Hoja ya karo ni nzito na haifai kubezwa. Hata hivyo, hoja ya ulinzi inajipinga yenyewe. Mbwa anayembwekea kila mpita njia kuanzia asubuhi huwa amewazoesha majirani kutomsikiliza. Siku mwizi akija, nani ataamka? Mlinzi mwenye hofu humuuma mtoto wa jirani na kumwacha jambazi. Tena, msaada unaohitajika hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji mpangilio.

Kanuni ya kwanza ni kuanza mapema. Mabadiliko mengi ya familia hujulikana kabla ya siku yake: tarehe ya kufungua shule hutangazwa, na zamu hupangwa. Wiki mbili kabla, saa ya kulisha na ya kutembea isogezwe kwa dakika kumi au kumi na tano kila siku hadi ifikie ratiba mpya. Ikiwa mlishaji anakwenda bwenini, atakayempokea jukumu aanze kulisha pamoja naye, mnyama azoee mkono mpya wakati ule wa zamani ungalipo. Pili, kuondoka kufanyiwe mazoezi. Funguo zichukuliwe kisha mtu aketi. Lango lifunguliwe, mtu atoke dakika moja na kurejea kwa utulivu. Kesho dakika tano, kesho kutwa nusu saa. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, mbwa atembezwe kabla ya familia kuondoka, ijapo kwa robo saa, kwa kuwa mwili uliochoka hupumzika. Nne, apewe kazi ya mchana: mfupa mkubwa mbichi usioweza kumkwama, au chakula kilichofichwa pembe mbalimbali za ua akitafute. Maji safi na kivuli si hisani, ni lazima. Pale jirani au mtumishi wa nyumbani anapoweza kumtazama adhuhuri, mapatano yafanywe.

Paka naye ana tabia yake. Mbwa hushikamana zaidi na watu, ilhali paka hushikamana sana na mahali. Familia inayohama kutoka Thika kwenda Ruiru isimwachilie nje siku ya kwanza, kwani huenda akatoroka kutafuta makao yake ya zamani. Awekwe katika chumba kimoja penye maji, chakula, mchanga wa kujisaidia na tambara lenye harufu ya nyumba ya awali, kisha afunguliwe vyumba vingine taratibu. Iwapo mnyama yeyote ataendelea kukataa chakula au kubadilika ghafla, apelekwe kwa daktari wa mifugo, maana ugonjwa nao huweza kujificha nyuma ya kile kinachodhaniwa kuwa majonzi.

Ikumbukwe pia kwamba suala hili halimalizikii uani. Mbwa aliyechoshwa na upweke huchimba, akatoka, akachangamana na mbwa wasio na wenyewe mitaani. Huko kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao karibu kila mara humuua binadamu pindi dalili zake zinapojitokeza. Serikali ya Kenya ilianzisha mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa. Aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitalini bila kukawia. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtesa mnyama na kumnyima chakula au maji ya kutosha. Mnyororo mfupi juani kuanzia alfajiri hadi usiku, bakuli likiwa limekauka, hauwezi kuitwa ufugaji.

Neno hilo lenyewe lina funzo. Kiswahili husema mtu anafuga mbwa, anafuga ng'ombe, na pia anafuga ndevu au kucha. Katika matumizi yote hayo pana wazo la kutunza kitu kwa muda, si kukimiliki tu. Tena, sarufi ya lugha hii haimweki mnyama pamoja na vitu. Kifaranga, licha ya kiambishi chake, hasemwi kuwa kimekula, amekula. Mbwa hubweka na mtoto hulia katika ngeli moja, A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai. Lugha ilikwishaamua zamani kwamba mbwa wa kibandani yuko upande wa wenye nyumba, wala si upande wa kufuli na mnyororo. Kilichosalia ni wakazi wa Thika na Ruiru kuitii sarufi yao wenyewe. Kesho alfajiri, kabla ya lango kulia, dakika kumi na tano zitafutwe kwa ajili ya yule asiyeweza kuuliza familia inakwenda wapi na itarudi lini.