Droni ndani ya ukumbi: kwa nini haisimami yenyewe, na kamati ya harusi iulize nini

Mahindi yakishavunwa na kuuzwa, Songea huingia msimu wa harusi. Hapa Matogoro kuna Jumamosi ambazo muziki unausikia kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Siku hizi kamati zikikaa kupanga bajeti, baada ya keki, mapambo na chakula, kuna mstari mpya kwenye daftari: droni, ile kamera inayoruka ambayo wengine wanaiita ndege nyuki.

Ikiruka nje, kwa kibali na mbali na vichwa vya watu, inaleta picha nzuri sana. Tatizo linaanza pale mpiga picha anapoiingiza ukumbini.

Msimu uliopita nilikuwa mshereheshaji kwenye sherehe ya kumuaga binti. Bibi harusi alipoanza kuingia, droni ilinyanyuka kutoka karibu na meza ya keki. Kwa sekunde chache ilitulia. Kisha ikaanza kuteleza kushoto, taratibu, kama mtumbwi uliofunguliwa kamba. Kijana mwenye rimoti alikuwa anatazama skrini yake. Droni ikaingia kwenye vitambaa vya mapambo, ikajinasa, ikaanguka katikati ya meza mbili. Hatua mbili kutoka pale alikuwa amekaa mama mwenye mtoto mchanga mapajani.

Hakuna aliyeumia. Watu walicheka, na mimi kwenye maikrofoni nikatia utani ili shughuli iendelee. Baadaye nilijuta kuufanya ule utani. Nilipomuuliza yule kijana kilichotokea, alijibu: "Sielewi kaka, huwa inasimama yenyewe."

Jibu lile ndilo chanzo cha makala haya. Kijana hakudanganya. Nje, droni yake kweli husimama yenyewe. Ndani ya ukumbi ni habari nyingine.

Nje inashikiliwa na nini?

Ukiachia rimoti nje, droni nyingi za kamera hubaki hapo hapo hewani hata upepo ukivuma kiasi. Kinachoziwezesha ni setelaiti. Mfumo wa Marekani wa GPS, na mingine ya Urusi, Ulaya na China, ina setelaiti zinazozunguka dunia. Zile za GPS ziko umbali wa takriban kilomita 20,000 juu yetu. Droni inapokea mawimbi ya angalau setelaiti nne, inapiga hesabu na kujua iko wapi. Ikisukumwa na upepo, inajirudisha mahali pake.

Kwa mfumo huo watu wamefanya makubwa hata hapa kwetu. Mwaka 2018 yalifanyika majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Chombo kilifuata njia yake chenyewe. Mtu akisikia hivyo atajiuliza: kama droni inavuka ziwa, itashindwaje kuvuka ukumbi wa mita 20?

Inashindwa kwa sababu ya paa. Mawimbi ya setelaiti yakifika ardhini yameshakuwa dhaifu sana. Bati na zege vinayazuia au kuyarudisha. Nawe unaweza kujionea kwa simu yako: fungua ramani ukiwa uwanjani, kisha ingia katikati ya jengo kubwa la bati. Ile alama inayoonyesha ulipo huanza kuhangaika, mara upo barabarani, mara upo kwa jirani. Droni nayo inahangaika hivyo hivyo, ila yenyewe ina mapanga yanayozunguka.

Ndani inabaki na macho gani?

Droni nyingi za sasa zina kamera ndogo tumboni. Kamera hiyo inatazama sakafu na kulinganisha picha moja na inayofuata. Sakafu ikionekana kusogea, droni inajua kwamba imesogea, nayo inajirudisha.

Msaada huo ni mzuri lakini una masharti. Unataka mwanga wa kutosha, na kumbi zetu huzima taa ili bibi harusi aingie na mishumaa. Unataka sakafu yenye alama za kuonekana, na marumaru nyeupe inayong'aa inaichanganya droni kama maji ya bwawa. Unataka pia sakafu iliyotulia. Chini yake wakiwapo watu hamsini wanaocheza, kamera inaona vitu vinavyosogea na inaweza kudhani ni yenyewe inayosogea.

Dira ya droni nayo huvurugwa na nondo za kwenye zege na vyuma vya spika kubwa. Kuna pangaboi linalosukuma hewa. Kuna pia upepo wa mapanga yake yenyewe, unaogonga ukuta na kuirudia. Ikikaribia sana dari, hewa kati yake na dari inaivuta juu hadi igonge.

Basi ule usemi wa "inasimama yenyewe" unakwisha. Breki inayobaki ni vidole vya mwenye rimoti, na rubani aliyezoea kusaidiwa na setelaiti kila siku huenda vidole vyake havijawahi kufanya kazi hiyo.

Mtego wa "kurudi nyumbani"

Kuna jambo moja ambalo hata wenye droni wengi hulisahau. Chombo kikipoteza mawasiliano na rimoti, mara nyingi kimepangwa kurudi kilipoanzia. Lakini kabla ya kurudi, kwanza hupanda juu, pengine mita 30, ili kukwepa miti na nyumba. Nje huo ni usalama. Ndani ni kupanda moja kwa moja hadi kwenye dari, kisha kuanguka juu ya watu. Na mawasiliano hukatika kirahisi ukumbini, kwenye simu nyingi na vifaa vya muziki vinavyotumia mawimbi ya aina hiyo hiyo.

Hatari nyingine iko mlangoni na dirishani. Hapo droni hunasa setelaiti chache, tena kwa mawimbi yaliyogonga kuta. Inapata hesabu ya uongo, inaamini iko mahali pengine, na inaruka ghafla kujisahihisha.

Je, madhara ni ya kweli?

Ni ya kweli. Desemba 2014, katika mgahawa mmoja wa Brooklyn, New York, droni ndogo iliyoletwa kuchangamsha wateja msimu wa Krismasi ilimkata mpiga picha kwenye ncha ya pua. Haikuwa droni kubwa. Hata ile isiyofika gramu 250 ina mapanga yanayozunguka kwa kasi ya kuchana ngozi, na jicho halina ngozi ya kulikinga.

Wanaofanya kazi ya kurusha droni ndani ya majengo wanalijua hilo. Kampuni ya Flyability ya Uswisi ilitengeneza droni iitwayo Elios kwa ajili ya kukagua matangi na mabomba ya viwandani. Waliizungushia kizimba pande zote, kwa sababu walikubali tangu mwanzo kwamba ndani ya jengo chombo kitagonga kitu. Tena kazi hiyo hufanyika humo ndani pakiwa hapana watu. Sisi tunairusha bila kizimba, gizani, juu ya wageni mia tatu.

Nani abebe lawama?

Ni rahisi kumlaumu kijana mwenye rimoti. Lakini tuseme ukweli: sisi ndio tunaomlipa, na sisi ndio tunaomwambia "tunataka ionekane kama harusi za mjini". Akikataa, kamati inamwita mwingine. Anayebeba hatari ni mgeni aliyekaa mezani, na huyo hakuulizwa.

Sheria ipo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, inasimamia ndege zisizo na rubani, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2018. Mwenye droni anatakiwa kuwa na kibali. Songea lina umuhimu wa pekee kwa kuwa uwanja wa ndege wa Ruhuwiko uko karibu na makazi. Lakini kibali peke yake hakitashika droni isiteleze. Mkataba wenu na mpiga picha ndio unaoweza kusema nini kifanyike ukumbini.

Kamati iulize haya kabla ya kulipa

1. Kibali chako kiko wapi? Akionyeshe, asisimulie.
2. Umewahi kuirusha ndani bila setelaiti? Akuonyeshe mchana, ukumbi ukiwa mtupu, taa zikiwa kama zitakavyokuwa siku yenyewe.
3. Ina vikinga vya mapanga? Kama havipo, isiingie ndani.
4. Ikipoteza mawasiliano itafanya nini? Jibu sahihi: itasimama hapo hapo au itatua. Isiwe imepangwa kupanda.
5. Nani atakusaidia kuangalia? Mwenye rimoti hawezi kutazama skrini na watu kwa pamoja. Awepo mtu wa pili wa kuitazama droni yenyewe na kuzuia watoto.

Na siku yenyewe: zimeni pangaboi, wekeni eneo la kurukia lisilo na mtu chini yake, na ikianza kuyumba itue mara moja. Mtu yeyote asijaribu kuidaka kwa mkono.

Lililo bora kuliko yote ni kupiga picha za ndani kwa droni kabla wageni hawajaingia, mapambo yakiwa yamekamilika. Wageni wakishakaa, kamera ikae kwenye mti mrefu au ngazi. Picha za maharusi kutoka angani zipigwe nje, milima ya Matogoro ikiwa nyuma yao. Huko mbingu iko wazi, na droni inajua iko wapi.

Kwenye kikao chenu kijacho, mkifika kwenye mstari wa droni, someni maswali haya matano kwa sauti. Mpiga picha anayeijua kazi yake hatachukia kuyajibu.