MAARIFA YA UFUNDI: Jinsi ya Kupima Transista

Redio inapopoteza sauti, mara nyingi mwenyewe huambiwa kwamba transista imekufa, naye hutoa fedha zake bila kuuliza. Huenda imekufa kweli. Huenda pia ni nzima, na kasoro iko katika betri au waya uliokatika. Jambo hili halijulikani kwa kutazama. Hujulikana kwa kupima, na chombo cha kupimia aweza kukitengeneza mtu yeyote mwenye subira.

Transista ilivumbuliwa Marekani mwezi wa Desemba, 1947, na mabwana John Bardeen na Walter Brattain, katika maabara ya Bell. Ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Kazi yake yafanana na lango la mfereji shambani: mkono ukiinua lango kidogo, maji mengi hupita. Vivyo hivyo, mkondo mdogo wa umeme uingiao katika besi huruhusu mkondo mkubwa kupita katika kolekta. Ukigawanya ule mkubwa kwa ule mdogo, wapata kipimo cha nguvu yake ya kukuza.

Tafuta betri ya volti 9, rezista ya omu 820,000, nyingine ya omu 1,000, na mita isomayo hadi miliampea 10. Ikiwa transista ni ya namna ya NPN, funga emita kwenye upande hasi wa betri. Kutoka upande chanya, pitisha waya katika mita na rezista ya omu 1,000 hadi kolekta. Rezista hiyo huilinda mita, maana hata transista ikiwa imeungana ndani, mkondo hautazidi miliampea 9. Kwanza iache besi wazi, usome mita. Transista nzima ya silikoni haitaonyesha kitu; ile ya jemaniamu huonyesha kidogo, nao ni mkondo unaovuja. Uandike.

Sasa unganisha besi na upande chanya kwa rezista ya omu 820,000. Mkondo wa besi utakuwa karibu sehemu moja ya mia ya miliampea. Soma tena, toa kilichovuja, kisha zidisha kwa 100. Kwa mfano, mita ikisoma 1.1 na uvujaji ulikuwa 0.3, baki ni 0.8, na nguvu ni karibu 80. Kwa transista ya PNP, geuza betri na mita.

Mita ikikaa kwenye sifuri hata baada ya besi kuunganishwa, transista imekufa. Ikipanda karibu na 9 besi ikiwa wazi, imeungana ndani. Wala usiishike kwa vidole unapopima, kwani joto hupandisha kipimo. Tena herufi ya mwisho ya jina ina maana yake: BC547A huwa kati ya 110 na 220, bali BC547C huwa kati ya 420 na 800.

Kila kipimo kiandikwe, na mwenye redio akione kabla ya kulipa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.