Uchafu Wetu, Utamaduni Wao

Nianze kwa kuungama. Mwaka juzi, wachuuzi walipofurushwa katikati ya mji wetu, niliandika mtandaoni kwamba hatimaye tunaweza kutembea kama watu. Nikapata laiki nyingi. Miezi michache baadaye nikachanga pesa, nikapanda ndege hadi Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Nikaketi kando ya barabara kwenye kistuli cha plastiki kisichonifika goti, mbele ya mama anayechoma nyama kwa jiko la makaa, moshi ukinipiga usoni. Nikapiga picha, nikaandika: "Huu ndio uhai wa mji." Laiki zikaja tena, nyingine kutoka kwa watu walewale.

Aliyeuliza swali ni Mama peke yake. Nilikuwa nimemtumia picha hiyo kwa WhatsApp, naye akanijibu kwa sauti: "Na huyo mama wa watu, ameruhusiwa kuuza hapo, ama pia yeye hukimbizwa?"

Mama yangu aliuza chapo na madondo kando ya steji kwa miaka kumi na mmoja. Karo yangu ilitoka kwenye sufuria hiyo. Siku moja nikiwa darasa la sita, kanjo walimwaga maharagwe kwenye mtaro, wakabeba sufuria na karai, na usiku huo tukalala na strungi. Sasa ona: mtoto aliyelelewa na kando ya barabara ndiye aliyekuja kushangilia wengine wakifagiliwa.

Swali la Mama lilinifanya nianze kuangalia vizuri mahali nilipokuwa.

Eneo la kale la Hanoi huitwa Mitaa 36. Mji ulifanywa makao ya mfalme mwaka 1010, na mafundi na wafanyabiashara wakajazana karibu na ngome, kila kundi na mtaa wake. Ndiyo maana majina mengi ya mitaa huanza na Hàng, yaani bidhaa. Hàng Bạc ni mtaa wa fedha, na masonara bado wapo. Hàng Thiếc ni wa bati, na utasikia nyundo kabla hujafika. Hàng Mã huuza vitu vya karatasi vya kuwachomea wahenga. Hàng Gai ulikuwa wa katani, sasa ni hariri na watalii. Lãn Ông, mtaa wenye jina la tabibu wa zamani, unanukia dawa za miti shamba.

Nyumba zenyewe huitwa nyumba za mrija: mbele ni nyembamba, upana wa duka moja, kisha zinaingia ndani kwa ndani, ndefu na zenye giza. Ile ya nambari 87 mtaa wa Mã Mây imehifadhiwa, na unalipa kiingilio kuitazama. Duka mbele, ua katikati wa kuingiza hewa na mwanga, jikoni nyuma. Ni nzuri kweli. Lakini nyingi za aina hiyo zimegawanywa, familia kadhaa zinabanana ndani, kila moja na kichumba chake.

Hapo ndipo nilipokielewa kile kistuli. Hawa watu hawakai nje ili mimi nipate picha. Wako nje kwa sababu ndani hamtoshi. Kando ya barabara ndiyo sebule, ndiyo jikoni, ndiyo duka. Hata ile kahawa ya mayai ambayo kila mgeni lazima aionje ilibuniwa mwaka 1946 kwa sababu maziwa yalikuwa adimu. Ilianza kama shida. Sisi tumeikuta ikiwa kivutio.

Na jibu la swali la Mama? Ndiyo, hukimbizwa. Mwaka 2004 eneo hilo lilitangazwa kuwa urithi wa taifa. Mwaka 2008 mji ukapiga marufuku uchuuzi kwenye mitaa mingi ya katikati. Mwaka 2017 ikaja kampeni kubwa ya kusafisha kando za barabara.

Siku yangu ya tatu nilijionea. Nilikuwa katikati ya bakuli la tambi pale mtu alipopaza sauti kutoka kona. Kabla sijaelewa, kijana wa kuhudumia alikuwa amenipokonya bakuli na kunisukuma kwenye ujia wa nyumba. Vistuli vikapandanishwa, jiko likabebwa likiwaka. Mwanamke aliyekuwa akiuza matunda, mti begani, kikapu mbele na kikapu nyuma, akakata kona akikimbia. Gari la maafisa likapita polepole. Dakika kumi baadaye kila kitu kilikuwa kimerudi.

Mzungu mmoja karibu nami alicheka na kurekodi. Mimi sikuweza kucheka. Ile kasi ya mikono naijua. Nimeiona nyumbani.

Kwa hivyo sisemi Hanoi ni peponi. Ninachosema ni kwamba tunasafiri na macho mawili. Mama wa Hanoi akichoma nyama barabarani tunamwita utamaduni. Mama mboga wa kwetu tunamwita msongamano. Tofauti yao ni nini, hasa? Wote wawili wamekosa nafasi ndani, wakatoka nje. Wote wawili wana watoto shuleni. Mmoja tunamlipia nauli ya ndege kumwona, mwingine tunamruka asubuhi tukienda kazini, na jioni tunauliza serikali inafanya nini.

Najua mtakachosema. Watu watapita wapi? Ni swali la haki. Hata mimi huko nilitembea barabarani katikati ya pikipiki kwa kukosa pa kukanyaga, na mtu wa kiti cha magurudumu asingepita kabisa. Lakini mji huohuo una jibu lake. Ijumaa hadi Jumapili jioni, Hàng Đào hufungwa magari, na wauzaji hupewa barabara mpaka karibu na lango la soko la Đồng Xuân. Yaani wauzaji hupangiwa nafasi barabarani wikendi. Inawezekana, basi. Inataka saa zinazojulikana, mstari uliochorwa chini, maji, choo, na ada yenye risiti. Kumwaga maharagwe ya mtu si mpango wa mji.

Wala tusijidanganye kwamba hii ni kiu ya usafi. Mkoloni ndiye aliyetufunza kuwa mji ni mahali ambapo Mwafrika huingia kufanya kazi na kutoka akimaliza, na anayejitafutia riziki barabarani ni mzururaji. Alipoondoka tukabaki na macho yake. Siku hizi hatuhitaji hata askari. Tuna simu, tunaandika wenyewe.

Nilipomweleza Mama yaliyotokea, hakuniuliza kuhusu mahekalu wala ziwa. Aliuliza: "Ulimlipa?" Sikuwa nimelipa. Kwenye ile purukushani kila mtu alitawanyika. Kesho yake nikarudi nikamlipa yule kijana, na alishangaa kidogo, maana alikuwa amenisahau.

Ile posti yangu ya mwaka juzi sijaifuta. Nimeiacha palepale, na chini yake nimeandika kazi aliyofanya mama yangu na miaka aliyoifanya. Siku mji wako ukitangaza tena kwamba unafurusha wachuuzi, kabla hujabonyeza laiki, pitia zile picha zako za safari. Kisha uulize walioondolewa wamepelekwa wapi.