Chajio cha watu watatu: Tusiikimbie sufuria ya nyumbani

Ikifika saa moja na nusu jioni, pale matatu zinaposhushia abiria katika mtaa wetu wa Umoja, jijini Nairobi, utaona foleni mbili. Ya kwanza ni ya mama mboga anayekatakata sukuma wiki, nayo ni fupi. Ya pili iko mbele ya kibanda cha chipsi, nayo hufika hadi barabarani. Kwa miaka sita mimi nilikuwa mtu wa foleni ya pili, na sikuona ubaya wowote. Nyumbani tuko watatu tu: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka saba. Nilijiambia kwamba hakuna haja ya kuwasha gesi kwa ajili ya watu watatu ambao tayari wamechoka.

Nilizinduka mwaka jana. Nilikuwa nimekwenda kliniki kung'olewa jino. Kabla ya kumwona daktari, muuguzi alinifunga ule mkanda wa mkononi ili anipime shinikizo la damu. Alipima, akanyamaza. Akaniambia nikae dakika tano nitulie, kisha akapima tena. Ilikuwa 158 kwa 102, ilhali 140 kwa 90 tayari huhesabiwa kuwa juu. Jino halikung'olewa siku hiyo. Nilipelekwa kwa daktari mwingine, na baada ya kuniuliza juu ya wazazi wangu, alitaka kujua jambo moja: "Jioni huwa unakula nini?"

Juu ya wazazi nilikuwa na jibu. Baba yangu alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 54, na akaishi miaka mitatu zaidi bila kuweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Juu ya chajio nilianza kubabaika.

Sisimulii haya kwa sababu kisa changu ni cha ajabu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne humu nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakuwa na habari, maana ugonjwa huu hauumi wala hauwashi. Mtu huendelea na kazi zake hadi siku anapoanguka.

Maoni yangu ni kwamba sisi wenye jamaa ndogo mijini hatuachi kupika kwa sababu ya uvivu, wala si kwa sababu ya umaskini peke yake. Tunaacha kwa sababu tulifunzwa kupika chakula cha watu kumi. Mama zetu walikuwa na sufuria kubwa, na kilichobaki usiku kililiwa asubuhi na watoto au jirani aliyepita. Sasa mtu anakuja mjini, anaishi na mwenzake na mtoto mmoja, lakini Jumapili bado anachemsha githeri ya ukoo mzima. Jumatatu inaliwa, Jumanne inaliwa kwa shingo upande, Jumatano imechacha na inamwagwa. Hapo ndipo anaposema kwamba kupika nyumbani ni hasara, na kwenda zake kwenye chipsi.

Hasara hasa iko wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha mlo wote. Lakini simama pale kibandani utazame. Chipsi zinanyunyiziwa chumvi mara ya kwanza, zikifungwa zinanyunyiziwa tena, kisha unaongezewa soseji na sosi ya nyanya, ambazo zina chumvi yake ndani. Juu ya hayo, hujui mafuta yale yamekaanga mara ngapi. Nyumbani, kijiko cha chumvi kiko mkononi mwako.

Basi tulikaa mezani, mimi na mke wangu, tukaandika chajio cha siku saba kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji. Hatukutafuta mapishi ya hotelini. Tulitaka chakula ambacho mtu aliyetoka kazini saa moja anaweza kukipakua kabla ya mtoto kusinzia. Ninaieleza wiki yetu hapa kwa sababu naamini nyumba nyingi zinaweza kuifuata, au kuibadilisha zipendavyo.

Kazi huanza Jumamosi kwenye soko la Mutindwa, ambako tunanunua vitunguu, nyanya, karoti, viazi na nafaka. Mboga za majani hatulimbikizi, hununuliwa jioni ya siku zinapopikwa. Usiku huo tunaroweka nusu kilo ya maharagwe. Jumapili tunamwaga yale maji, tunatia mengine na kuchemsha maharagwe kwa moto mkali, kisha tunayaacha hadi yaive kabisa. Yafaa ieleweke kwamba maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yanaweza kumtapisha na kumharisha mtu. Yakishapoa kidogo tunayagawa katika bakuli mbili zenye vifuniko na kuyatia kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Hiyo ndiyo kazi nzito ya wiki nzima, na imekwisha.

Jumatatu: ugali, sukuma wiki na mayai. Kwa watu watatu, vikombe vitatu vya maji na takriban vikombe viwili vya unga vinatosha. Sukuma wiki huoshwa kabla ya kukatwa, kisha hupikwa kwa muda mfupi pamoja na kitunguu, ibaki na rangi yake ya kijani. Mayai manne hukorogwa na nyanya mbili na hoho. Muda ni dakika 25.

Jumanne: wali na maharagwe. Bakuli la kwanza linatoka kwenye friji. Tunakaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tunatia maharagwe na kuyaacha yachemke vizuri. Kando kuna kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Hiyo ndimu si pambo, kwani vitamini C husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe. Chai, kwa upande mwingine, huuzuia. Kwa hiyo chai yetu ya usiku tumeisogeza mbali na chakula, ingawa mimi nilinung'unika sana.

Jumatano: githeri ndogo. Bakuli la pili la maharagwe hukutana na mahindi mabichi mawili yaliyopukuchuliwa na kuchemshwa, viazi vitatu, karoti na kabichi iliyokatwa nyembamba. Ni sufuria moja tu, na inaliwa ikaisha usiku huo huo. Hakuna kiporo cha Alhamisi.

Alhamisi: ugali, omena na managu. Wapo wanaoidharau omena wakidhani ni chakula cha mtu aliyekosa nyama. Wanakosea. Samaki hawa wadogo wa Ziwa Viktoria huliwa pamoja na mifupa, na kwa hiyo humpa mtu madini ya kalisi ambayo mnofu mtupu hauna kwa wingi. Tunaiosha kwa maji ya moto mara kadhaa, tunaikausha kwenye sufuria, kisha tunaiunga kwa kitunguu, nyanya na dhania. Binti yetu alikataa mara mbili za kwanza. Mara ya tatu tulimwacha akamue ndimu mwenyewe, akala.

Ijumaa: hii ndiyo siku ya hatari. Mtu amechoka na wiki, na harufu ya kuku wa kukaangwa inamfuata hadi mlangoni. Kwa hiyo tumeipangia kitu cha kutamanika: robo kilo ya nyama isiyo na mafuta mengi, iliyokatwa vipande vidogo na kupikwa mchuzi pamoja na viazi, karoti na minji. Nyama hutangulia, viazi hufuata. Ile robo, ambayo zamani ningeimaliza peke yangu, inatutosha sote kwa sababu mboga zimejaza sahani. Hatutii vile viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, maana vina chumvi nyingi. Tangawizi, kitunguu saumu na dhania vinatosha.

Jumamosi: chapati na ndengu. Ndengu zilizorowekwa tangu asubuhi huiva kwa muda wa chini ya saa moja. Chapati tunazipika nane tu, kwa unga wa ngano usiokobolewa, na mafuta ni ya kupaka, si ya kuogelea. Mwenye kusukuma ni binti yetu, na si zote zinazotoka mviringo.

Jumapili: nusu kuku wa kuchemsha, viazi vitamu na mboga zozote zilizobaki. Tumeweka kuku siku hii kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya wageni. Mgeni akija, tunaongeza viazi vitamu.

Kila usiku tunapakua kwa kanuni moja: nusu ya sahani ni mboga, robo ni ugali au wali, na robo ni maharagwe, samaki, mayai au nyama. Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwani nilizoea mlima wa ugali na mboga kiganjani.

Najua msomaji atakuwa na maswali. Kuna asiyekuwa na friji. Huyo asichemshe maharagwe ya siku tatu. Achemshe robo kilo ya usiku mmoja, au ategemee ndengu, mayai na omena, ambavyo havihitaji kuwekwa baada ya kupikwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kikipashwa moto kipashwe hadi kifuke mvuke. Kuna anayeishi peke yake. Naye agawe vipimo hivi kwa tatu, na asione haya kununua nyanya mbili na kitunguu kimoja, maana mama mboga amezoea wateja wa namna hiyo.

Kuna atakayesema muda hautoshi. Nilisema hivyo pia, hadi nilipoanza kuhesabu dakika nilizosimama kwenye foleni ya chipsi. Ni kweli kwamba wapo watu wanaofika nyumbani saa tatu usiku kwa sababu ya kazi na msongamano wa magari, na sitawahubiria. Lakini hata wao wanaweza kuanza na siku tatu kwa wiki.

Swali gumu zaidi ni hili: nani apike? Nitasema wazi, hata kama wanaume wenzangu watanikasirikia. Mke wangu naye huenda kazini na kurudi na matatu kama mimi. Kama tungeiacha karatasi ile kuwa mzigo wake peke yake, isingemaliza wiki mbili ukutani. Mimi hupika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge, na mke wangu aliula bila kusema neno. Mwanamume anayetaka mkewe amlinde na kiharusi huku yeye amekaa kwenye kiti akitazama taarifa ya habari hajiombei msaada, anaagiza tu. Ugonjwa ni wangu, basi mwiko pia uwe wangu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka wa 2012 ilifanya kuwa lazima unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani uongezwe vitamini na madini, na mwaka wa 2017 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa kuhusu lishe bora na mazoezi. Hizo ni hatua njema. Hata hivyo, mwongozo unaokaa ofisini haumsaidii mtu anayeshuka kwenye matatu akiwa na njaa. Ningependa kuona ushauri wa namna hii ukitolewa kwa Kiswahili chepesi sokoni na katika kila zahanati, pamoja na kipimo cha shinikizo la damu kisichohitaji mtu augue jino kwanza.

Nisije nikaeleweka vibaya: sikupona kwa sukuma wiki. Daktari aliniandikia dawa na ninazimeza kila asubuhi. Yeyote aliyepewa dawa asiziache kwa sababu amebadili chakula, na mwenye kisukari au maradhi ya figo amwone mtaalamu wa lishe kabla ya kufuata karatasi ya mtu mwingine. Mara ya mwisho kupimwa nilikuwa 134 kwa 86. Daktari alisema dawa na chakula vimefanya kazi pamoja, na kwamba nisirudi nyuma.

Juzi Ijumaa tulipita mbele ya kile kibanda, mimi na binti yangu. Alitazama chipsi, nami nikazitazama. Akaniuliza kama leo ni siku yangu ya kupika au ya mama yake. Nikamwambia ni yangu. Tukanunua dhania, tukaenda nyumbani.

Kinga ni bora kuliko tiba, na nyumba yenye watu watatu inahitaji kinga kama ile yenye watu kumi. Msomaji, nenda ukapimwe wiki hii. Kisha keti na wenzako nyumbani, muandike siku zenu saba.