NIDHAMU YA SHABAHA: Upinde wa Magurudumu

Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake: upinde wenye magurudumu nchani. Magurudumu hayo hupunguza uzito wa ugwe mvuto unapotimia, mpigaji akapata utulivu wa kulenga. Utulivu huo usimpumbaze.

Ugwe usiachiwe kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale huurudia upinde, ukapasuka na kumjeruhi aliyeushika. Mshale wenye ufa utupwe. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, pasiwe na mtu. Mwanafunzi aanze na upinde mwepesi, mita 10, hata mishale yake ikusanyike pamoja; ndipo asogee nyuma.

Askari ajua: risasi haiitwi ikarudi. Mshale nao ni vivyo hivyo.