Kombe la Prof Liwe na Daftari

Tangu Prof atutoke, vijana wengi hapa Nakivale wanamkumbuka kwa mpira. Wazee waliosoma naye Uvira ndio wametujaza hizo hadithi: eti alikuwa kiungo, jezi nambari 8, na kwenye mashindano ya shule kwa shule watu walikuwa wanakuja kumtazama yeye tu. Hata huku, mwenye mvi tayari, mpira ukimfikia njiani alikuwa anautuliza kwa mguu mmoja, watoto wanapiga kelele. Ni hadithi tamu, hatuzikatai. Lakini sisi tuliofundishwa naye tunasema: tukiishia hapo, tumemkumbuka nusu.

Jina lake hatuliandiki, familia bado iko na msiba. Wote tulimwita Prof, na halikuwa jina la utani. Baada ya sekondari alisoma kontabilite, yaani uhasibu, akafika kuwa mhadhiri kule Kivu ya Kusini, akafundisha miaka mingi mpaka vita ikamfukuza. Alipofika Uganda, karatasi zake za Kifaransa hazikumfungulia mlango wa chuo chochote. Mwingine angekaa tu akisubiri safari ya Marekani. Yeye akaanza kuzunguka na daftari kwapani, kikundi kwa kikundi.

Wanaojua vikundi vya akiba wanajua kazi ilivyo. Watu kama 25 wanakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa zake, wengine wanakopa, na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Prof alikuwa anasema kufuli inalinda pesa iliyomo ndani tu. Ile iliyokopwa, ile iliyotolewa kwa msiba au kwa mgonjwa, hiyo inalindwa na maandishi. Ndio maana alikuwa anakataa mkutano ufungwe kabla hesabu haijasomwa kwa sauti, ili hata mama zetu wasiojua kusoma wasikie na wakumbuke.

Sisi vijana alitufundisha kwa mpira. "Pasi ina watu wawili," alikuwa anatuambia. "Kuna aliyetoa, kuna aliyepokea. Ukiandika mmoja tu, umeandika uongo." Hilo ndilo lilikuwa somo letu la kwanza la debiti na krediti. Kikundi kikinunua sabuni za kuuza kwa shilingi 40,000, pesa taslimu imepungua 40,000 na mali imeongezeka 40,000. Pande mbili zisipolingana, hakuna kwenda nyumbani. Kuna mahali pasi imepotea, itafutwe.

Sasa kuna mpango wa kuandaa kombe kwa jina lake. Tunaunga mkono kabisa. Ila tunauliza: michango ya hilo kombe nani anaiandika? Si tunajua wote jinsi mashindano ya hapa yanavyoendaga. Kila timu inalipa kiingilio, wafanyabiashara wa senta wanachangia, halafu siku ya fainali mbuzi anaonekana lakini hesabu haionekani. Ukiuliza, unaambiwa una wivu. Kisha vijana wanagawanyika, kila kabila na upande wake, na mwaka unaofuata hakuna mashindano. Fitina zingine tunazoziita za kikabila zilianzia kwenye hesabu ambayo haikusomwa.

Wengine watasema mpira na michezo ndiyo inayomtoa mkimbizi. Kweli, mwaka 2016 kule Rio dunia iliona timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, na walikuwemo Popole Misenga na Yolande Mabika, Wakongo wenzetu wa judo. Tulijivuna. Lakini timu nzima ilikuwa watu 10, na wakimbizi duniani mwaka ule walikuwa zaidi ya milioni 20. Kwa masomo pia mlango ni mwembamba. Mwaka 2019 UNHCR ilihesabu asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi walioko elimu ya juu, na lengo ni asilimia 15 ifikapo 2030. Wanaobaki nje ya hesabu zote mbili ndio sisi, tulio wengi. Sisi tutaishi kwa vibanda, mashamba, vikundi na boda. Na huko kote kinachomwangusha mtu mara nyingi ni kutojua kilichoingia na kilichotoka.

Ndugu zetu wa mashirika, mipira na jezi mnazoleta tunashukuru. Mkipanga bajeti ya michezo, ongezeni daftari la hesabu, kalamu, na siku mbili za mafunzo kwa mweka hazina wa kila timu. Na mwatafute wale wazee wenye diploma walioko humu humu, wanaolima mahindi na kuchunga mbuzi. Muwalipe kidogo, wafundishe. Prof alifundisha bure mpaka mwisho. Si kila mtu ataweza hivyo, na si haki kumwomba.

Kwa sisi vijana, pendekezo letu ni hili. Kamati ya Kombe la Prof iwe na mweka hazina na mkaguzi, na wasitoke jamii moja. Hesabu ibandikwe ukutani kila Jumamosi, kila mwenye macho aione. Siku ya fainali isomwe uwanjani, timu zikiwa zimepanga mstari, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi. Isiposomwa, refa asipige filimbi.