Turudishieni Ndege Yetu

Ndugu zetu wa mashirika, turudishieni lile boksi.

Lilikuja pamoja na nguo za misaada: Sukhoi-25 ya plastiki ya kujiundia, kipimo cha 1 kwa 72. Ndege ya mita 15 na nusu inabaki sentimita 21 na kidogo. Vijana sita wakaanza kazi. Wiki ya pili mkalichukua, eti mchezo wa vita utawaumiza waliokimbia vita.

Jamani, nani kawaambia hatuijui? Jeshi la Kongo linazo ndege hizi. Sisi wa Kivu mlio wake tunaujua hata usingizini. Tulichokuwa hatujui ni namna inavyoundwa. Unakata kipande, unapiga msasa, unajaribisha bila gundi, ndipo unabandika. Rangi unapaka nyepesi, mara mbili tatu, siyo kumwaga.

Karatasi ya maelekezo ilisema: mgongoni kijani na kahawia, tumboni buluu iliyopauka. Kijana mmoja akauliza, kwa nini tumbo buluu? Tukabishana mpaka jibu likatoka: ili aliye chini akitazama juu aone mbingu tu. Na aliye chini ni sisi.

Hakuna aliyelia. Waligombania brashi. Kesho yake boksi halikuwepo.

Anayetetemeka asilazimishwe, hapo tunakubaliana. Lakini muulizeni yeye kwanza. Kumkinga mtu mzima wa akili bila kumuuliza ni kumfanya mzigo.

Tumbo bado halijapakwa. Rangi inakauka kwenye kopo.